Elimu ya Kuwajua Wakikuyu

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza kuwauliza Wakikuyu habari za ardhi yao wakati sehemu yake nzuri ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Tume ya Ardhi ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ilisikiliza mashahidi wengi na kuelezwa jinsi githaka, yaani ardhi ya mbari, ilivyopatikana na kurithiwa. Jomo Kenyatta naye alitoa ushahidi wake mbele ya tume hiyo huko London. Ripoti ilipotoka mwaka 1934, Wakikuyu waliongezewa vipande vichache vya ardhi, na kwa kufidiwa hivyo madai yao yote nje ya hifadhi waliyotengewa yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Walichokieleza kwa nia ya kudai haki kikatumika kuifunga kesi yao.

Kenyatta alijibu kwa kitabu. Baada ya kusoma anthropolojia kwa profesa Malinowski huko London, alichapisha mwaka 1938 maelezo ya maisha ya Wakikuyu yaliyoweka umiliki wa ardhi katikati ya kila kitu. Miaka hiyohiyo Louis Leakey alikuwa akiandika kurasa nyingi mno juu ya watu haohao. Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari, na Kikikuyu alikizungumza kama mwenyeji. Kitabu chake kikubwa hakikuchapishwa hadi mwaka 1977, lakini ujuzi wake haukungoja muda huo kutumika.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, uasi uliowafunga wafuasi wake kwa kiapo, serikali ilimhitaji mtu aliyejua maana ya kiapo hicho. Leakey alikuwa mkalimani katika kesi ya Kapenguria, ambamo Kenyatta alishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, hadi mawakili wa utetezi walipopinga kwamba mtu mwenye msimamo kama wake hawezi kuwa mkalimani wa haki, akajitoa. Aliishauri pia serikali kuhusu viapo vya kutakasa, na wazee waliolipwa na serikali wakapelekwa kuwaondolea watu kiapo cha Mau Mau kwa taratibu za Wakikuyu wenyewe. Hapa ndipo jambo hili linapouma zaidi: mila iliyomfunga mtu kwa jamii yake iligeuzwa kuwa chombo cha kumtoa ndani yake.

Mchango wa daktari J. C. Carothers ulikuwa wa namna nyingine. Aliwahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Alieleza kwamba Wakikuyu walipoteza utulivu wa mila bila kupata utulivu wa maisha mapya, na uasi ukatokana na wasiwasi huo. Maelezo haya yaliwafaa watawala. Anayedai shamba lake anastahili kujibiwa kuhusu shamba. Anayeitwa mgonjwa hupangiwa tiba. Miongoni mwa tiba alizopendekeza Carothers ni watu kukusanywa vijijini.

Kuanzia katikati ya mwaka 1954, zaidi ya Waafrika milioni moja walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikizungushiwa mahandaki na miba, na nyumba zao za zamani zikachomwa. Sababu kuu ilikuwa ya kijeshi, kuwakatia chakula na habari wapiganaji wa msituni. Sayansi ikaipa hatua hiyo sura ya ustawi wa jamii. Katika kambi walimozuiliwa watuhumiwa wa Mau Mau, wafungwa walichujwa kwa makundi yenye majina ya rangi: weupe, kijivu na weusi, kadiri kila mmoja alivyohukumiwa kukiri au kukataa.

Ukoloni ulipokaribia mwisho, udhibiti ulihamia kwenye karatasi. Kwa maelekezo ya mwaka 1961, nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha Uingereza ziliteketezwa au kusafirishwa kabla ya uhuru. Takriban majalada 1,500 ya Kenya yalifichwa Uingereza, na kuwepo kwake kukakiriwa mwaka 2011, wakati wazee waliopitia kambi hizo walipokuwa wakiidai haki yao katika mahakama ya London. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.