Kokwa Isiyofika Ujiji kwa Safari Moja

Katika kiwanja cha makumbusho ya Livingstone huko Ujiji ipo miembe miwili ambayo mgeni huonyeshwa mapema. Huelezwa kuwa ni uzao wa mwembe wa asili, ule ambao Henry Morton Stanley anasemekana kukutana na David Livingstone chini yake mwaka 1871; mama alikufa, lakini vikonyo vyake vilikuwa vimekwisha kupandikizwa. Mgeni husikiliza habari za wazungu wawili waliovuliana kofia, hupiga picha, akaenda zake. Aghalabu haulizi swali ambalo mwenye ua wa miti pale Katubuka, kata ya Manispaa hiyohiyo ya Kigoma Ujiji, angeliuliza kabla ya yote: mwembe ule ulipandwa na nani, na kokwa yake ilitoka wapi?

Kwani mwembe si mwenyeji wa ziwa lile. Mwenyeji ni mkuyu, ndugu wa mtini, ule mti ambao tunda lake limeapiwa ndani ya Qurani katika sura ya 95. Mkuyu haumwombi mtu maji wala ulinzi: ndege na nyani hula kuyu, huangusha mbegu wapendapo, na mti huchipua hata penye ufa wa jabali. Sokwe wa Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, wanaishi kwa matunda ya jamii hiyo pasipo mkulima yeyote. Mchikichi nao ni mti wa upande wa magharibi, na mawese yake yalikwisha kuwa bidhaa ya soko la Ujiji Burton alipofika huko. Mwembe ulitoka mashariki. Asili yake ni Bara Hindi. Ulivuka bahari, ukastawi pwani na visiwani hata mitaa ya mji wa Unguja ikaitwa kwa jina lake, Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri. Kutoka hapo hadi ziwani ni kiasi cha kilomita 1,200 za nchi kavu.

Hapo ndipo penye fumbo. Mbegu ya mtama hukaa ghalani mwaka mzima ikaota. Kokwa ya embe haina subira hiyo. Ikiachwa ikauke, hufa katika muda wa wiki chache; ikihifadhiwa kwa hadhari ndani ya udongo wenye unyevu au vumbi la makaa, huweza kuongezewa siku, lakini si miezi mingi. Na misafara ilikwenda kwa miezi. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, na Ujiji wakaingia Februari 1858. Stanley, aliyekuwa na haraka na fedha za gazeti la New York Herald, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na hakuliona ziwa hadi mwisho wa mwaka. Kokwa iliyotiwa mfukoni Bagamoyo ingelifika Ujiji ikiwa kijiti kikavu.

Yumkini basi mwembe ulisafiri kwa vituo. Kokwa ilipandwa kambini, safari ya siku chache kutoka pwani; mti ukangojwa miaka sita, saba, au zaidi, kwani mwembe wa kokwa hauzai upesi; embe zake zikaliwa, na kokwa mbichi ikachukuliwa mbele hadi kituo kingine, ikangojwa tena. Hata tukikubali kwamba mtu mmoja makini alibeba mche ndani ya chungu na kuunywesha njia nzima, mche huo nao ulihitaji mkono wa kuupokea Ujiji na kuukinga na mbuzi. Misafara ilipita, mwembe ulitaka mtu asiyepita.

Iko hadithi ienezwayo na waongoza watalii, kwamba miembe ya njia ile, ambayo Tanzania iliipendekeza mwaka 2006 iingizwe katika urithi wa dunia, iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa. Hadithi hiyo inatia simanzi na ina heshima yake, lakini inakwenda kinyume cha njia. Mateka walishushwa kutoka ziwani kwenda pwani, na embe ilipanda kutoka pwani kwenda ziwani. Mateka aliyekula embe Tabora alikula tunda la mti uliokwisha kupandwa na mwingine. Kokwa za kutupa zaweza kweli kuwa zimeota njiani, maana msimu wa embe na msimu wa mvua hukutana. Ila kuifikisha embe Ujiji mara ya kwanza ni kazi iliyokusudiwa.

Ni nani basi? Wapagazi wa Kinyamwezi, waliopanda na kushuka njia ile kwa ujira, hawana budi kutajwa. Wako pia watu wa Mrima na Waarabu waliohamia Ujiji, kama Mwinyi Kheri, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1880 alipokea bendera ya Sultani Barghash. Hao waliazimia kukaa, na mtu haatiki mwembe mahali asipotarajia kuzeekea. Lakini maji ya mche hayakutekwa na mwenye kanzu. Katika nyumba za matajiri wa Ujiji kazi ya ndoo na jembe ilikuwa ya wanawake na ya watumwa, na yeyote aliyetaka kivuli cha Livingstone kiwe na mwenyewe, amtafute kwanza mtu huyo asiye na jina.

Tena Stanley mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1872, anakaa zaidi barazani mwa tembe la Livingstone kuliko chini ya mti wowote. Tarehe yake ya 10 Novemba nayo ina mgogoro, kwa kuwa shajara hazipatani. Hata ufuko umehama: ziwa lilipopata njia ya kumwagika kupitia mto Lukuga mnamo 1878, maji yalishuka mita kadhaa, na miembe iliyokuwa jirani na pwani ikajikuta mbali na mawimbi. Kati ya vyote vilivyosimuliwa juu ya siku ile, uzao wa kokwa ndio pekee ulio hai.

Siku hizi mwenye kiwanja hahitaji kungoja kama wale. Miche ya kubebesha, iwe dodo au boribo, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na hapo Katubuka mwembe na mchikichi, wa mashariki na wa magharibi, huweza kumea katika ua mmoja. Lakini hata mche wa kubebesha una shina lake la chini, na shina hilo huoteshwa kwa kokwa, nayo haina budi kutoka katika embe iliyoliwa siku hizohizo, ioshwe nyama yake, ifunguliwe ganda kwa kisu taratibu, na kutiwa udongoni kabla haijakauka.