Kuungama Kulikoanza Gahini



Katika baadhi ya makanisa yetu, kila Jumapili husomwa sala ya maungamo. Tunakiri sote kwa sauti moja kwamba tumekosa, wala hakuna jirani anayegeuka kutushangaa. Sala hiyo ni njema. Lakini leo nataka tukumbuke habari za watu walioijua vizuri sana, kisha wakatambua kwamba walikuwa hawajaungama bado.

Habari hizo zinatoka Gahini, mashariki ya Rwanda, karibu na Ziwa Muhazi. Misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali hapo, na daktari wake alikuwa Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1929, baada ya njaa kuu katika nchi ile, daktari huyo alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Huko Namirembe alikutana na Mganda mmoja mwenye kumtafuta Mungu kwa bidii, Simeoni Nsibambi. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, katika miaka ile! Si jambo dogo.

Mwaka 1931 Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini, naye alikwenda kumwona Nsibambi. Aliulizwa hali ya kazi, akaeleza: manung'uniko, ubinafsi, kila mtu anatafuta lake. Bila shaka alitazamia kupewa pole. Badala yake Nsibambi alimwonyesha kwamba chanzo cha hayo yote kimo katika moyo wake yeye Kinuka. Watumishi walio chini yake wanafuata yale wanayoyaona kwake. Neno hilo lilimchoma. Lakini akiwa safarini kurudi nyumbani alimwachia Bwana maisha yake, na alipofika Gahini watu wakamwona kuwa mtu mwingine.

Ndugu msikilizaji, tazama jambo hili. Kinuka alikuwa amekwisha kuungama dhambi nyingi sana, ila zote zilikuwa za wengine. Kuungama huko sote tunakujua. Tunakufanya njiani tukitoka kanisani.

Mwezi wa Desemba 1933 kulikuwa na mkutano wa kiroho hapo Gahini. Karibu na mwisho wake, watu wakiwa katika maombi, mtu mmoja alisimama akaanza kutaja dhambi yake. Wengine wakafuata, mara nyingine watu watatu wamesimama pamoja wakitaka kusema, kwa muda wa saa mbili na nusu. Baada ya hapo, uamsho ulipoenea, watu walirudisha fedha, mifugo na vyombo walivyoiba. Hivyo ndivyo alivyofanya Zakayo katika Luka 19: hakusubiri kudaiwa, alisimama mwenyewe akaahidi kurudisha mara nne. Wamisheni nao walifika mahali pa kukiri kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwaongoza. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa gumu kuliko kurudisha ng'ombe.

Najua wako wanaosema kwamba kuungama hadharani kunaleta aibu, na pengine uvumi. Wana sababu. Zimesemwa mbele ya mikutano habari zilizoumiza mke au mtoto asiye na kosa, na wapo waliopenda kusikilizwa kuliko kusamehewa. Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi, wala haituagizi kuwatangazia watu wote kila jambo. Aliyemsengenya jirani yake aende akabishe hodi kwa jirani huyo. Aliyekula fedha za kanisa, kanisa ndilo limsikie.

Mwaka 1937 ndugu wa uamsho walifika Kabete, hapa kwetu Kenya. Miongoni mwa walioguswa alikuwa Obadiah Kariuki, ambaye mwaka 1955 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Hakuwa mpagani alipoguswa, kama vile Kinuka hakuwa mpagani. Waraka wa kwanza wa Yohana, mlango wa kwanza, ulioahidi msamaha kwa waungamao, uliandikiwa waumini, watu walio ndani ya nyumba. Ufungue usiku huu uusome, kuanzia mstari wa tano.