Hongo ya Njia na Ada ya Mwingiliano: Malipo ya Kupita katika Historia ya Ulyankulu

Ulyankulu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, ilikuwa sehemu ya dola ya Mtemi Mirambo. Kuanzia mwaka 1871 hadi 1875 mtemi huyo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya misafara ya kwenda Ujiji ikawa haipitiki kwa vipindi virefu. Kiini kimojawapo cha ugomvi kilikuwa hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya mtawala. Neno ambalo siku hizi limebaki na maana ya rushwa tu. Swali lililogombaniwa lilikuwa wazi: mwenye njia ni nani, na mpitaji amlipe kiasi gani?

Swali hilo lilirejea katika sekta ya simu za mkononi. Simu inapovuka kutoka kampuni moja hadi nyingine, kampuni inayoipokea hudai ada ya mwingiliano. Katika romingi deni hukua zaidi, kwani mteja mwenyewe hutumia minara ya wengine: mtandao mwenyeji huuliza rejesta ya kampuni yake iwapo anatambuliwa, humhudumia, kisha huidai kampuni hiyo. Kwa njia hiyo Zantel, iliyoanzia Zanzibar, iliweza kuingia bara kwa kutegemea minara ya Vodacom. Mwenye minara alikuwa mshindani na pia mwenye nyumba, hali ambayo haikosi mivutano.

Tofauti na zama za Mirambo, mwenye mtandao hana ruhusa ya kufunga njia. Mwingiliano ni wajibu wa kisheria, na ada yake hupangiwa ukomo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ukomo huo ulikuwa shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, ukashuka hadi 15.60 mwaka 2018 na 2.00 mwaka 2022. Punguzo la namna hii halikuwa jambo dogo: kampuni kubwa, zenye wapokeaji wengi wa simu, ndizo zilizonufaika zaidi na ada ya juu.

Mipaka ya nchi ilikuwa kikwazo kigumu zaidi. Celtel ilianzisha huduma ya One Network mwaka 2006 kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, lakini huo ulikuwa uamuzi wa kampuni moja ndani ya matawi yake. Makubaliano ya kiserikali ya kushusha gharama za romingi yalianza kutekelezwa mwaka 2014 baina ya nchi za Ukanda wa Kaskazini. Tanzania na Burundi hazikuwamo. Kwa Ulyankulu pengo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Makazi yake yalipokea wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na mwaka huohuo wa 2014 wengi wao na watoto wao walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Ndugu zao walikuwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi nyingine iliyobaki nje ya makubaliano.