Diski ya Chuma na Diski ya Faili: Nani Kambeba Nani?

Ukiwasha mashine pepe kwenye laptop yako, itakwambia ina diski ya GB 40. Fungua laptop kwa bisibisi uitafute: haipo! Ni faili tu, limekaa pamoja na picha na nyimbo zako. Ujanja huu una zaidi ya miaka 50.

Tuanze na chuma. Mwaka 1956 IBM ilitoa IBM 350, diski ya kwanza kuuzwa kibiashara. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sm 61 hivi, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Leo hata wimbo mmoja wa MP3 ungebanana humo.

Mitambo hiyo ilikuwa ghali na michache. Hapa kwetu kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hata huko Marekani watu walilazimika kugawana. Ndipo mwaka 1967, IBM ya Cambridge, Massachusetts, ikaanza kutumia CP-40, programu iliyoikata diski moja vipande, kila mtumiaji akaona ana diski yake. Mwaka 1999 VMware ikaleta mambo hayo kwenye kompyuta za kawaida, na kipande kikawa faili.

Faida zake ni kubwa. Faili unalinakili, unalituma, na ukiharibu kitu unarudia nakala ya jana. Linaweza kudai GB 40 huku likichukua 3 tu, likikua kadiri unavyolijaza.

Lakini faili halielei hewani. Chini yake ipo diski halisi, yenye kuchakaa, kuanguka na kuibiwa. Tuseme mwanafunzi anakusanya takwimu za mashamba kule Mazingara, mkoani Tanga. Anaziweka ndani ya mashine pepe, kisha analinakili lile faili kwenye folda nyingine ya laptop ileile. Anahesabu nakala mbili. Diski ikifa, zote mbili zimekwenda, na msimu wa mavuno haurudi nyuma kumsubiri.

Kwa hiyo usihesabu mafaili, hesabu vyuma. Nakala ya akiba ni ile iliyo kwenye diski nyingine, ikiwezekana nyumba nyingine kabisa.