Kuufuata Mto Sigi: Matembezi ya Kihistoria Kutoka Tanga Hadi Amani

Mtu akitaja historia ya Tanga, aghalabu huanza na mizinga: ile ya moto na ile ya nyuki. Husimulia jinsi majeshi ya Uingereza, mengi yakiwa ya askari kutoka India, yalivyoteremka ufukoni Novemba 1914 na kurudishwa baharini na askari wa von Lettow-Vorbeck, na jinsi nyuki walivyowavamia watu hata wengine wakaiita Vita ya Nyuki. Kisha hutaja reli, mkonge na bandari. Hayo yote ni kweli, nasi tuliosoma katika shule hii tuliyajibia mitihani. Lakini mji huu unayo historia nyingine ambayo haikuingia katika daftari zetu, nayo ni historia ya maji yake. Hiyo husomwa vizuri zaidi kwa miguu.

Kwa hiyo napenda kuwaalika wanafunzi wenzangu wa zamani pamoja na familia zao, na ninyi wadogo zetu mlio bado madarasani, katika matembezi matatu. Yote yanawezekana kwa mtoto wa shule ya msingi, na hata kwa babu mwenye mkongojo akienda taratibu. La kwanza liko karibu na mji. Mawili yanayofuata yanakwenda juu, kinyume cha mkondo wa Mto Sigi, mpaka milima ya Usambara Mashariki.

Mapangoni, kando ya Mkulumuzi

Kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, karibu na barabara ya Mombasa, yapo Mapango ya Amboni. Wengi huingia pangoni, wakatoka, wakarudi nyumbani. Nashauri mtembee pia nje, kando ya Mto Mkulumuzi, chini ya miti iliyoshikilia miamba ya chokaa kwa mizizi yake. Maji ndiyo yaliyoyachimba mapango hayo, kwa kuyeyusha chokaa kidogo kidogo kwa muda usiohesabika.

Watoto watasikia kwa wenyeji hadithi ya njia ya chini kwa chini ifikayo Mombasa, na nyingine ya mbwa aliyepotelea humo akatokea Kilimanjaro. Waacheni wafurahie, kisha waambieni kwamba wataalamu waliopima mapango hayo mwaka 1994 waliona kuwa refu kuliko yote halizidi mita 900. Waambieni pia habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakitafutwa na serikali ya kikoloni. Serikali iliwaita wahalifu, na wapo raia waliowaona mashujaa.

Katika nyufa za mawe ya chokaa kama hayo, yenye kivuli na unyevu, huota ua dogo la rangi ya zambarau. Mtawala wa Kijerumani wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta karibu na Tanga na tena katika misitu ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo ua hilo limo madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyopona ni 62 tu, navyo vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Ua lilitoka, mkonge ukaingia. Katika miaka iliyofuata uwanda ulio kati ya pwani na milima ulifyekwa kwa mashamba makubwa ya mkonge, na msitu mkubwa ukabaki milimani.

Stesheni isiyo na treni

Tembezi la pili linaanza Sigi, chini ya milima, mkiisha kupita Muheza. Njiani kumbukeni kwamba Mto Sigi, ambao mtaukuta huko mdogo na wenye kelele, ndio ule uliozibwa Mabayani mwaka 1978 ili kuupatia mji wa Tanga maji.

Hapo Sigi ipo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya Kijerumani, iliyotengenezwa upya kuwa mahali pa kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Treni haipo tena. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni moja ya mashamba ilijenga reli nyembamba ya zaidi ya kilomita 20 kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Usambara, hadi hapo. Kazi yake kubwa ilikuwa kushusha magogo. Kwa hiyo mkitembea kando ya mto, mkisikia maji na ndege tu, mjue kwamba palikuwa na filimbi, shoka na jasho la vibarua ambao majina yao hayakuwekwa penye kibao chochote.

Hapa ndipo pazuri kwa watoto. Njia ni ya kivuli, vijito ni vingi, na mtembezi mtulivu ataona vipepeo, vinyonga, na mbega wakiruka juu ya miti. Hondohondo husikika kabla hajaonekana, kwa mvumo wa mabawa yake.

Amani, shule iliyo msituni

Tembezi la tatu ni la Amani kwenyewe, juu zaidi, ambako hewa ni baridi na mvua hufikia takriban milimita 1,900 kwa mwaka. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia. Wakati wa Vita ya Kwanza, meli zilipokatika, maabara ya Amani ilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa huko.

Wakati wa Waingereza, H. H. Storey na wenzake walishughulikia ugonjwa wa batobato wa muhogo. Walizalisha muhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara, wakapata mimea yenye kustahimili ugonjwa. Baadhi ya uzao huo ulipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, ukawa mzazi wa aina bora zilizoenea Afrika. Basi atakayekula muhogo wake Lagos ana jamaa Usambara.

Lakini si kila kilichopandwa Amani kilikuwa na heri. Mhesi, mti ukuao upesi, uliletwa kwa majaribio ukapandwa kwa wingi baadaye. Hondohondo wakala matunda yake, wakatawanya mbegu, na sasa umejipenyeza katika msitu wa asili kila mahali palipokatwa miti. Mwonyesheni mtoto mhesi mmoja, kisha mwambieni autafute mwingine: hatachoka kuhesabu. Hilo ni somo la elimu viumbe lisilohitaji ubao.

Deni la mji

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Msitu wa milimani hufanya kazi kama mtungi. Mvua ikipiga, majani huipunguzia nguvu, takataka za chini huinywa, na mizizi huiachia njia ya kuingia ardhini. Kisha maji hutoka polepole katika chemchemi hata wakati wa kiangazi. Ukikata miti, mvua ileile hushuka kwa mara moja na udongo mwekundu, bwawa hujaa matope, na kiangazi mto hukonda.

Katika miaka ya 1970 na 1980 misitu hiyo ilikatwa kwa mashine, na ukataji huo ukasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya malalamiko na uchunguzi. Mwaka 1997 Hifadhi ya Amani ilitangazwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu wakavivamia vijito vya juu, wakavitibua, ikabidi waondolewe.

Mara nyingi sisi wa mjini husimulia habari hizo kana kwamba watu wa milimani ni waharibifu nasi ni walinzi. Tujiulize tena. Huko Derema, wakulima zaidi ya elfu moja waliokuwa wakilima iliki chini ya miti walitakiwa kuyaacha mashamba yao ili vipande vya msitu viungane, wakapewa fidia. Wanakijiji wengine walijifunza kufuga vipepeo na kuwauza nchi za nje, kazi isiyohitaji kukata mti hata mmoja. Lakini mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi uliposimamishwa, soko hilo likakatika. Mtu wa mlimani ameacha shamba, ameacha mbao, ameacha dhahabu. Mtu wa mjini amefungua bomba. Ni haki, basi, kwamba anayekunywa amfikirie anayelinda, na sehemu ya fedha ya maji ipande mlimani kama vile maji yanavyoteremka.

Mimi ni mtumishi wa serikali, nami najua kwamba kanuni na ramani ni za lazima. Hata hivyo hakuna ramani imfundishayo mtu kama mguu wake. Mtoto aliyekwisha kutia mkono katika kijito cha Amani hataliacha bomba la nyumbani likidondoka bure, na kesho akiwa mhandisi au diwani atajua maji yanatoka kwa nani.

Kwa watakaokwenda: ondokeni asubuhi. Epukeni masika, kati ya Machi na Mei, maana barabara ya mlimani huteleza. Chukueni viatu vyenye kushika, koti la mvua, maji ya kunywa, na tochi kwa mapangoni. Lipeni kiingilio na mchukue kiongozi wa pale pale, kwa sababu anajua majina ya miti na malipo yake hubaki kijijini. Msichume ua. Watoto wawe mkononi penye miamba na maji yaendayo kasi. Mkikutana na mzee njiani, msalimuni, mkae, mmwulize mto ulikuwaje alipokuwa mdogo.