Kufupisha Maneno ya Wengi

Kusikiliza ni kazi ngumu, na kufupisha yaliyosikiwa ni kazi ngumu zaidi. Mtu mmoja akinena, mwenzake humsikia bila taabu. Watu elfu wakinena, hapana budi apatikane mtu wa kuyakusanya maneno yao na kuyatia katika kurasa chache. Mtu huyo ana uwezo mkubwa kuliko tudhanivyo, kwa kuwa ndiye aamuaye neno lipi lipelekwe mbele na lipi liachwe nyuma. Siku hizi wasanifu wa majengo, wa vyombo na wa programu za simu wameanza kuikabidhi mashine kazi hiyo: maoni ya watumiaji huingia upande mmoja, na muhtasari hutoka upande wa pili. Kabla hatujaisifu au kuilaumu, yafaa tuijue historia ya jambo lenyewe. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mtaa wa Pipeline katika mashariki ya Nairobi, na jirani yake Mukuru, watatufundisha.

Zamani wakazi hawakuulizwa. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa Nairobi, kazi ya Thornton White, Silberman na Anderson. Uliitwa mpango wa mji mkuu wa koloni, na jina hilo latosha kueleza nani alitazamwa na nani alisahauliwa. Lakini ukoloni ulikwisha, na desturi ya kutouliza haikwisha. Utazame mtaa wa Pipeline, ambao jina lake lakumbusha bomba la mafuta litokalo Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Maghorofa yake yamejengwa na watu binafsi kwa kuitazamia kodi. Vyumba vimepangwa pande mbili za ujia, vyoo ni vya kushirikiana, na majengo yamesongamana hata vyumba vya chini havioni jua. Mwenye jengo alipochora, mpangaji hakuwapo. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hapa aliyekichora kitanda hakupata kukilalia.

Hatua chache kutoka Pipeline jambo jingine lilijaribiwa. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la upangaji. Humo zilikaa kaya zaidi ya 100,000. Je, kaya 100,000 zitaulizwaje upana wa barabara, mahali pa shule na njia ya maji machafu? Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka 1996, pamoja na wenzao, ulijenga ngazi. Kaya 10 zilifanya kikundi kimoja. Vikundi 10 vilifanya baraza la kaya 100. Na mabaraza yakaunganishwa katika sehemu kubwa zaidi. Neno lilipanda ngazi hiyo kutoka mlangoni hadi mezani pa wapimaji, nao wapimaji wakarudisha michoro kwa wananchi.

Ngazi hiyo, msomaji, ilikuwa chombo cha kufupisha. Katika kila kipandio maneno mengi yaligeuzwa kuwa machache. Lakini ilikuwa na sifa moja kubwa: aliyefupisha alirudi jioni kulala miongoni mwa wale aliowasemea. Kama alipotosha neno, aliulizwa kizingitini pake. Kwa njia hiyo ilifahamika kwamba barabara za upana wa kawaida zingevunja nyumba nyingi mno, na upana ukapunguzwa. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kusikilizwa ni ngao kamili. Mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walivunjiwa nyumba zao ili ipite barabara. Muhtasari mwema hauna nguvu mbele ya mkono usiotaka kuusoma.

Sasa tuigeukie mashine. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha njia ya kufupisha makala kwa kompyuta. Mashine yake ilihesabu maneno: iliyaacha yale yaliyomo kila mahali, kama viunganishi, na yale yaliyotokea kwa nadra, kisha ilichagua sentensi zilizosheheni maneno yaliyorudiwa mara nyingi. Huko Japani, katika miaka ya 1960, mtaalamu Jiro Kawakita alieneza njia ya mikono: kila neno lililosikiwa liliandikwa juu ya kadi yake, na kadi zenye undugu zikawekwa pamoja. Wasanifu wa dunia wangali wakiifuata hata leo. Mwezi wa Juni 2017, miezi miwili tu kabla ya tangazo la Mukuru, watafiti wa Google walitoa muundo mpya wa akili unde, ambao ndio msingi wa programu kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022. Programu hizi hazichagui sentensi tu. Hutunga sentensi mpya, na pengine hutia lisilosemwa na mtu.

Wala usidhani mashine hiyo ni mgeni Nairobi. Gazeti la Time lilieleza mwezi wa Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Kenya waliajiriwa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Nao vijana wa Kenya, mwezi wa Juni 2024, walitunga programu ya kuwaeleza wananchi Mswada wa Fedha. Safari hiyo mashine ilifupisha maneno ya wakubwa kwa ajili ya wadogo, na wengi walifaidika.

Hatari iko wapi basi? Tuseme wapangaji 100 wa ghorofa moja wameulizwa juu ya jengo lao. Watu 70 wasema maji hayatoshi. 29 wasema taka zanuka. Mmoja asema mlango wa chini hufungwa kwa kufuli usiku, na moto ukizuka hapana pa kutokea. Mashine ihesabuyo itaandika maji na taka. Yule mmoja atapotea, ingawa neno lake ndilo lenye roho za watu mia ndani yake. Wingi wa sauti si uzito wa neno.

Kwa hiyo, kijana utakayekuwa msanifu, diwani au mwalimu, itumie mashine kama utumiavyo mchunga nafaka, lakini usiyatupe makapi kabla ya kuyapekua. Yahifadhi maneno yenyewe kama yalivyonenwa, hata yakiwa ya Sheng. Kila mstari wa muhtasari uweze kuonyesha ulitoka kwa nani. Yaliyosemwa na wachache yaandikwe mahali pake. Mwisho, muhtasari usomwe tena mbele ya walionena, wapate kusema, "Ndivyo," au, "Sivyo." Mashine yaweza kutupunguzia miezi ya kazi, lakini haiwezi kurudi jioni kulala Mukuru na kuulizwa kizingitini. Dhamana hiyo ni yetu sisi, nayo haifupishwi.