Ramani za kale za Ugogo

Ramani za kale za Ugogo ni ramani na michoro ya upimaji wa nchi ya Wagogo, katika mkoa wa leo wa Dodoma nchini Tanzania.

Richard Burton na John Hanning Speke walivuka Ugogo mwaka 1857. Ramani za wasafiri zilifuata njia ya misafara. Mbali nayo karatasi ilibaki tupu. Baadaye Wajerumani walichapisha Berlin ramani ya koloni kwa skeli ya 1:300,000.

Wakusanyaji huangalia mwaka, skeli na mchapishaji. Mchoro wa mkono ukipotea, mara nyingi hakuna nakala nyingine.

Nafasi tupu haithibitishi kwamba hapakuwa na watu. Hata hivyo, amri ya Kijerumani ya mwaka 1895 ilifanya ardhi iliyohesabiwa haina mwenyewe kuwa mali ya Dola.